Maswali ya Wasomaji: Maelekezo yetu ya pakeji yamezeeka

SWALI: Habari zenu wahariri. Mimi na wenzangu tunatunza pakeji (vifurushi vya programu) kadhaa za Debian, ule mfumo endeshi wa kompyuta, maelekezo ya kuzitengeneza aliyaandika jamaa mmoja ambaye ameshaacha, sasa kila anayejiunga akiyafuata anakwama mwanzoni kabisa. Tuandike upya yote? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana ndugu yetu, mtachokea njiani na mtabaki na maelekezo mawili, yote nusu. Anzeni kwa kufuta. Ukurasa wa zamani ni hatari kuliko kukosa ukurasa, maana usipokuwepo mgeni atauliza mtu, ukiwepo anauamini. Mfano debhelper, zana ya kusaidia kutengeneza pakeji: zamani namba ya kompati (inayoiambia debhelper ifuate taratibu za toleo lipi) ilikaa kwenye faili la debian/compat, siku hizi tunaandika debhelper-compat (= 13) kwenye Build-Depends (orodha ya vitu vinavyohitajika kutengeneza pakeji) ndani ya faili la debian/control. Sasa mgeni akiunda lile faili kwa sababu maelekezo yenu yamesema hivyo, na namba tayari ipo kwenye control, bildi (yaani utengenezaji wa pakeji) inagoma palepale inalalamika namba imetajwa sehemu mbili, na yeye masikini anadhani kakosea. Linki za Alioth, tovuti ya zamani ya Debian ya kuhifadhi kazi za pamoja, nazo toeni zote, ilizimwa 2018 kazi ikahamia tovuti mpya ya Salsa.

Mambo ya jumla msiyanakili kabisa, wekeni linki ya miongozo ya Debian wenyewe, wao wanaitunza. Ya kwenu tu ndiyo yakae kwenye debian/README.source, mfano kwa nini mnatoa faili fulani kwenye kodi ya asili (maandishi ya programu kama yalivyotoka kwa waundaji wake) kabla ya kupaki.

Halafu tumieni Standards-Version, ule mstari wa debian/control unaotaja toleo la Debian Policy (kanuni rasmi za pakeji) mnalolifuata, kama kengele. Kabla ya kuipandisha, fungueni orodha ya mabadiliko iliyo ndani ya Debian Policy, someni kuanzia toleo lenu kuja juu, na kikibadilika kitu rekebisheni pakeji na maelekezo kwenye komiti moja, yaani badiliko moja linalohifadhiwa pamoja. Mkisema maelekezo tutayagusa baadaye, hamtayagusa, nawaambia ukweli.

Mgeni akija, mpeni mashine safi au sbuild (zana inayotengeneza pakeji kwenye mazingira safi) afuate maandishi peke yake bila kusaidiwa, na pale anapokwama aandike yeye mwenyewe marekebisho siku hiyohiyo.

Na huyo jamaa aliyeacha, kama namba yake mnayo mpigieni wiki hii, mumuulize kila pachi (badiliko kwenye kodi ya asili) iliyopo debian/patches aliiweka kwa ajili gani, majibu yake muyaandike juu ya pachi yenyewe, pale kwenye sehemu ya maelezo, Description.