Blanketi la viraka kutoka kanga na mashati makuukuu

Kabla hujashika mkasi, inua kitambaa ukielekeze dirishani. Kanga iliyochakaa hupitisha mwanga kama chekecheke. Sehemu hiyo iache, hata kama ua lake ni zuri, kwa sababu itachanika kando ya mshono mara tu ikifuliwa. Kwenye shati, kola na makwapa huisha mapema. Mgongo ndio mali. Fulana zinazovutika usizichanganye na pamba isiyovutika, maana kiraka hutoka na mawimbi ambayo pasi haiyaondoi.

Fua vyote kwanza, pamoja na blanketi kuukuu la kujazia. Kitenge chekundu au cheusi kikandamize kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiambukiza rangi, endelea kusuuza.

Kitanda cha mtu mmoja kinataka viraka 96: safu 12 za viraka 8. Kila kimoja kikatwe sentimita 17 kwa 17. Ukishona sentimita 1 kutoka ukingoni, utapata karibu sentimita 120 kwa 180. Kiolezo cha boksi huliwa ukingoni kadiri unavyochora, na viraka vya mwisho havilingani na vya kwanza. Kata kiolezo kwenye mfuniko bapa wa ndoo ya plastiki, uchore kwa kipande cha sabuni kavu.

Wanaoanza wengi huharibikiwa kwenye upana wa mshono. Ukizidisha milimita 2 tu, kila mshono unakula milimita 4 zaidi, na safu yenye mishono 7 inapungua karibu sentimita 3. Safu ya pili ukiishona sawasawa, mishono ya safu hizo mbili haikutani tena. Kwa hiyo bandika utepe kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, ukingo wa kitambaa uufuate. Pima kila safu kabla ya kuiunga. Mishono ya safu ya kwanza ilaze kulia kwa pasi, ya pili kushoto. Safu zikikutana, pembe hukaa bila kinundu.

Bitana, yaani kitambaa cha upande wa chini, iwe shuka inayozidi sentimita 5 kila upande. Itandaze sakafuni, upande mbaya juu, kisha blanketi la kujazia, kisha viraka vilivyoungwa. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa kilicholegea hukusanyika katikati na kujikunja chini ya sindano. Shona tabaka zote tatu kwa kufuata mistari ya viraka, ukitumia uzi mpya, kwani uzi wa zamani hukatika. Mwisho punguza blanketi lilingane na viraka, ukunje bitana mara mbili kuja juu, sentimita 2.5 kila kunja, ushone pindo.