Majina na IP za kompyuta za maabara: anzia kwenye ruta

Kama unasimamia maabara ya kompyuta na mpaka leo unaziita mashine kwa namba za IP (anwani zao kwenye mtandao), "we ingia kwenye 192.168.10.17", utachoka mapema. Zipe majina. Ila kabla hujagusa faili la hosts (orodha ya majina na IP zake ndani ya kila mashine) nenda kwanza kwenye ruta, au popote DHCP yako (huduma inayogawia mashine IP) inapokaa, ifungie kila mashine IP yake kwa kutumia MAC adresi (namba ya kadi yake ya mtandao), maana ukiandika majina huku IP bado zinagawiwa ovyo, siku ruta ikizimwa ikawashwa pc07 inaweza kuamkia IP nyingine na faili lako linabaki linadanganya watu. Mimi pc01 huwa naipa IP inayoishia na 11, pc02 naipa 12, na kuendelea, halafu kuanzia 100 naziachia simu na laptop za wageni. Ukiona namba tu unajua ni mashine ipi.

Majina yawe mafupi, herufi ndogo, tarakimu na kistari, basi. Windows inataka yasizidi herufi 15. Na usimalizie na .local, hiyo ina kazi yake nyingine (mDNS, yaani mashine kutafutana kwa majina zenyewe bila seva) na zitagombana. Kama ulikopi diski moja kwenda mashine zote, cheki, zote zitakuwa zinajiita jina moja.

Kwenye Linux ni `sudo hostnamectl set-hostname pc01`, kisha fungua `/etc/hosts`. Sasa hapa ndo pana mtego. Ubuntu na Debian mara nyingi huweka mstari kama huu:

`127.0.1.1 pc01`

Yaani pc01 ikijiuliza "mimi ni nani" inajibiwa IP ya ndani kwa ndani, kwa hiyo programu inayosikiliza kwa jina lake inasikiliza humo humo, ukiijaribu ukiwa umekaa pc01 penyewe inakubali vizuri tu ila wenzake wote wanakataliwa, na wewe unahangaika na kebo na swichi bure. Toa hiyo 127.0.1.1 weka IP halisi:

`192.168.10.11 pc01`
`192.168.10.12 pc02`

Ya 127.0.0.1 localhost usiiguse.

Kupima tumia `getent hosts pc02`. Usipime na nslookup wala dig, hizo zinaenda moja kwa moja DNS (seva inayogeuza majina kuwa IP), faili la hosts hazilisomi kabisa.

Windows faili liko `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`. Fungua Notepad kama administrator, na angalia isikusevie kama hosts.txt kimya kimya, hiyo haisomwi. Kisha `ipconfig /flushdns`.

Mashine zikiwa nyingi achana na kukopi faili moja moja, weka dnsmasq (programu ndogo ya DNS) kwenye seva, inasoma `/etc/hosts` ya hapo na kuwajibu wote, mradi DHCP iwaelekeze wote kwenye hiyo seva kama DNS yao. Ila ile 127.0.1.1 ikiwa bado imo kwenye seva, itagawiwa maabara nzima.