Muulize Ami: Uchumi umeinuka, kazi ziko wapi?

Niliposema nitapokea maswali ya ajira sikujua nimefungua bomba. Nimeteua saba. Majina nimeyaficha, mitaa nimeiacha, maana hapa kwetu Mombasa mtaa ni nusu ya swali.

Shikamoo Ami. Kila jioni nasikia kwenye taarifa ya habari kwamba uchumi umekua. Mwanangu amemaliza chuo mwaka wa tatu huu, kutwa yuko barazani na simu. Wanatudanganya? – Mama, Mikindani

Marahaba mama. Hawadanganyi, ila wanachopima wao sicho unachokingoja wewe. Wao wanahesabu mali iliyozalishwa na kuuzwa. Wewe unangoja barua ya kazi, na barua hiyo huja nyuma ya mali, tena kwa mwendo wa konokono.

Chukua mwaka 2020. Pato la Kenya lilishuka kwa asilimia 0.3, na mwaka uliofuata likaruka kwa zaidi ya asilimia 7. Kwa karatasi tulikuwa tumeshapona. Sasa mfikirie mwenye hoteli. Wageni wakianza kurudi, yeye hamwiti mpishi wa pili. Anamwambia yule aliyebaki aingie alfajiri atoke usiku. Wageni wakizidi, anatafuta kibarua wa wikendi. Mpaka aone misimu miwili imejaa, ndipo mkono unashika kalamu ya mkataba. Hata Marekani ni hivyo hivyo: mdororo wao mkubwa ulihesabiwa kuwa umekwisha Juni 2009, lakini ukosefu wa kazi ulifika kilele chake, asilimia 10, Oktoba mwaka ule ule. Miezi minne baada ya mdororo kwisha, ndipo waliokosa kazi walikuwa wengi kuliko wakati wowote wa mdororo wenyewe.

Halafu uliza ni kazi gani. Mwaka 2024 hesabu za serikali zilionyesha kazi mpya kama 782,000 nchi nzima. Ukisikia hivyo unapiga vigelegele. Lakini tisa katika kila kumi zilikuwa za jua kali: kibanda, bodaboda, mkokoteni. Zenye mshahara wa mwezi hazikufika 80,000, kuanzia Lamu mpaka Busia, na zinagombewa na kila aliye na cheti. Mwanao akishuka kesho Buxton kuuza maji ya chupa kwenye foleni ya magari, kwenye hesabu ataonekana ameajiriwa. Ndiyo maana wewe na msomaji wa habari hamuonani.

Ami, wakati wa korona nilikuwa Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa ajira kwa vijana, tunafyeka nyasi na kuzibua mitaro. Watu walitucheka. Ile ilikuwa kazi au sadaka? – Kijana, Kisauni

Ilikuwa kazi, mwanangu, na waliokucheka waliruka maji kwa miezi wakipita juu ya mtaro uliouzibua wewe.

Tupige hesabu. Awamu ya pili, iliyoanza Julai 2020, mlilipwa shilingi 455 kwa siku, siku 11 kwa mwezi. Hiyo ni 5,005. Si pesa ya kujengea nyumba. Lakini tuifuate inakokwenda. Unalipa deni dukani. Mwenye duka, aliyekuwa amebakiwa na chumvi na viberiti, anateremka Kongowea kuongeza unga na mafuta. Anarudi na tuktuk, dereva anakula mahamri na mbaazi kwa jirani. Shilingi ile ile imelisha nyumba nne kabla ya kuvuka daraja la Nyali. Ingepewa tajiri kwa njia ya kupunguziwa kodi, ingelala benki. Mwaka ule serikali ilifanya yote mawili: ikawalipa ninyi, na pia ikashusha kodi ya mapato ya wenye mishahara minono kutoka asilimia 30 hadi 25. Mimi ningeuliza ni ipi iliyoonekana dukani Kisauni.

Lawama yangu ni nyingine. Mlitoka kama mlivyoingia: fyekeo mkononi, cheti hakuna. Marekani katika miaka ya 1930, kazi zilipokauka, Rais Roosevelt aliwapeleka vijana misituni kupanda miti na kuchonga njia. Kwa miaka tisa walipita humo karibu milioni 3. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zikatumwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Wengi walijifunzia humo kusoma, kuendesha magari makubwa, useremala. Sisi tuna mikoko inayokatwa Tudor na Mtwapa, tuna ukuta wa bahari, tuna mitaro inayohitaji mwashi wala si fyekeo tu. Kijana aliyeshika mwiko miezi sita ana cha kusema akifika kwenye mjengo.

Ami, mimi fundi wa trela Changamwe, miaka kumi na minane. Gereji yetu ilikuwa na vijana sita, leo tuko wawili. Wakubwa wanasema ni hali ya uchumi. Mimi nasema ni treni. Nani mkweli?

Nyote, lakini wewe zaidi.

Kuna kazi inayolala kwa sababu wateja wamekosa pesa. Hiyo pesa ikirudi, inaamka. Na kuna kazi inayoondoka kwa sababu njia ya mzigo imehama. Ukiingoja hiyo kama unavyoingoja ile ya kwanza, utazeeka kwenye kigoda. Hapa Mombasa tulipigwa na zote mbili, tena ya treni ilitangulia. Reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilizinduliwa 31 Mei 2017, kwa gharama ya shilingi bilioni 327 hivi, nyingi zikiwa mkopo wa China. Mkopo unataka kulipwa, kwa hiyo treni inataka mzigo. Agosti 2019 likaja agizo kwamba makontena ya kwenda bara yapakiwe relini na ushuru ukalipiwe huko huko Nairobi. Unakumbuka maandamano ya kila Jumatatu. Korona ilikuwa haijasikika hata kwa jina.

Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa mjini ikasema agizo lile lilikiuka Katiba. Septemba 2022 rais mpya, siku ya kuapishwa, akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Tukashangilia. Lakini kazi si ng'ombe useme amefunguliwa kamba atarudi zizini mwenyewe. Wakati ule yadi zilikuwa zimefungwa, makarani wa klaring, wale wa kutoa mizigo bandarini, wameshahamia Nairobi, mama wa chapati kwenye lango la yadi kafunga kibanda, wenye malori wameuza vichwa kulipa benki. Mariakani mpaka Mtito Andei, nyumba za kulala wageni na wazibaji pancha walikuwa wameshatawanyika. Mdororo mrefu ndivyo unavyokula: unakuondolea kazi, kisha unakuondolea na watu waliokuwa wakiijua.

Na usidanganywe na tani. Bandari ilipitisha tani kama milioni 34 mwaka 2019. Mwaka 2024 zilipita milioni 41. Ningekuwa bado karani kule Shimanzi, miaka hiyo ya makuli na magunia ya kahawa mgongoni, ningesema mji mzima utakuwa kazini. Leo kreni moja na vijana wachache wanamaliza meli.

Kwa hiyo kutaka mzigo upite hapa ni nusu ya dai. Nusu ya pili ni mzigo ufunguliwe hapa, usindikwe, ufungwe upya, uunganishwe. Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu linatajwa kwa ajili hiyo, na barabara ya kwenda huko sasa ipo. Wewe na wale wanne waliotoka kwako, ulizeni mapema viwanda vya huko vitataka mafundi wa aina gani, kabla hawajaletwa kutoka kwingine wakiwa na vyeti.

Ami, nichukue Hustler Fund, ule mkopo wa serikali, nifungue kibanda cha viazi karai? – Binti, Likoni

Mkopo wenyewe si ghali. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka; ukikopa 1,000 kwa siku 14, riba ni kama shilingi 3, na 50 zinakatwa kuwekwa akiba yako. Kinachonitia hofu ni viazi. Kabla ya kuchovya kwenye unga, simama hapo unapotaka kuuzia saa kumi jioni uhesabu karai zilizoko. Zikipita tatu, wewe hutaongeza wateja, mtagawana walewale. Kopa ukaanze kile ambacho Likoni inavuka feri kwenda kukinunua.

Ami, mimi mpishi Bamburi. Hoteli ilifunga Machi 2020. Nikaitwa tena mwaka uliofuata kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu mpaka leo. Miaka yangu kumi na moja imefutwa. Serikali si ilitoa mabilioni kwa hoteli?

Ilitoa, bwana mpishi. Mei 2020 ulitangazwa mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuchochea uchumi, na ndani yake bilioni 2 za mikopo nafuu kwa hoteli, kwa ajili ya ukarabati. Soma neno hilo la mwisho polepole. Rangi ilipata, vigae vilipata. Wewe hukuwa kigae.

Watalii wa kutoka nje walikuwa kama milioni 2 mwaka 2019, mwaka 2020 hawakufika 600,000. Hapo nchi ina njia mbili. Ya Marekani: mwache mwajiri afukuze, kisha serikali imtumie aliyefukuzwa cheki nyumbani. Ya Ujerumani: mwajiri asifukuze, apunguze saa, na serikali ilipe sehemu kubwa ya mshahara uliopotea, kuanzia asilimia 60. Aprili 2020 Wajerumani kama milioni 6 walikuwa kwenye mpango huo. Wageni waliporudi, mpishi alikuwa bado ni mpishi wa pale pale, cheo chake na miaka yake.

Sisi hatuna cheki ya nyumbani, wala hatukulipia saa zilizopunguzwa. Kwa hiyo mwajiri aliwaacha wote, na alipofungua aliandika mikataba mipya kama vile hajawahi kukuona. Mgeni njoo mwenyeji apone, tuliambiwa. Sasa mwenyeji anapona miezi mitatu kwa wakati mmoja, akiomba kaskazi isiishe. Mwenye hoteli naye ana hoja: Aprili mpaka Juni vyumba vitupu, na mshahara haulali. Lakini miaka yote tangu 2021 si msimu. Weka nakala ya kila mkataba uliotia saini, tangu wa kwanza, uzipeleke kwa KUDHEIHA, chama chenu cha wafanyakazi wa hoteli. Nenda na wenzako, si peke yako.

Ndugu yangu, mimi mwalimu mstaafu, Tudor. Nyumbani pesa zikipungua tunafunga mkanda. Kwa nini serikali isifanye hivyo badala ya kukopa na kubuni kazi za kufyeka?

Mwalimu, nyumbani kwako ukiacha kununua samaki, anayeumia ni mvuvi, na mshahara wako hauguswi. Serikali ikiacha kununua, wanaoumia ndio haohao wanaoilipa kodi. Roosevelt niliyemtaja juu aliingia tamaa hiyo mwaka 1937: uchumi ulipoonekana kupanda akabana matumizi. Ukosefu wa kazi, uliokuwa umeshuka hadi asilimia 14 hivi, ukapanda mwaka uliofuata hadi 19.

Lakini sitakukatalia kabisa, maana Marekani ilikopa kwa sarafu yake na sisi tunakopa pia kwa ya wenzetu. Deni letu lilishapita shilingi trilioni 11 mwaka 2025. Mkopo wa kujenga kitu kinachoingiza pesa ni jambo moja, mkopo wa kulipia mkopo ni jingine, na la pili hili halijawahi kumwajiri mtu ila karani wa benki.

Kuna jambo la tatu ambalo halihitaji kukopa kubuni mradi wala kufunga mkanda. Mwana wa ndugu yangu alishona sare kwa ofisi moja ya umma. Alikopa kitambaa, akaajiri mafundi cherehani watatu, akapeleka kazi kwa wakati. Mwaka wa pili huu anazungushwa: leo faili haijasainiwa, kesho mwenye sahihi yuko semina. Mafundi wameondoka, cherehani mbili zimeuzwa. Sheria inawatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali, na vijana wanahimizwa kila siku wajiandikishe. Kumpa kijana zabuni na kumkalia malipo ni kumfilisi kwa muhuri. Ningekuwa na fimbo, ningeanza na hapo: walipwe wanaodai, wadogo kwanza, kabla ya kuzindua mpango wowote mpya wenye tisheti na kofia.

Ami, Benki Kuu wanasema wameshusha riba. Mkopo wangu wa duka mbona haushuki? – Kongowea

Ni kweli wameshusha: kutoka asilimia 13 katikati ya 2024 hadi 9.5 kufikia Agosti 2025. Benki ikiambiwa riba imepanda, ujumbe unakufikia siku hiyohiyo. Ikiambiwa imeshuka, inasubiri. Septemba 2016 tulijaribu kuifunga kwa sheria isipandishe zaidi ya kiwango fulani, na benki nyingi zikawageuzia mgongo wadogo, zikaona bora kuikopesha serikali. Sheria ikaondolewa Novemba 2019. Nenda tawini na karatasi yako ya mkopo, uliza kwa maandishi kama riba yako imefungwa au inabadilika, na kama inabadilika, ibadilike lini. Ukipata jibu uniandikie, maana wangu wa paa haujashuka hata thumni.