Uzito wa Uzazi kwa Mama Asiye na Nafasi

Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nilikuwa nimeongezeka kilo 17, na nilitoka wodini nikiamini kwamba nyingi nimeziacha huko huko. Mizani ilionyesha nimepungua kilo 6 tu: mtoto mwenyewe, kondo, maji ya uzazi na damu. Kwa kuwa likizo ilikuwa inakwisha na nguo za kazini hazikunienea hata moja, katika wiki ya tatu nilianza kuacha kifungua kinywa na kufanya mazoezi ya kukunja tumbo sakafuni kila mtoto alipolala. Siku ya nne damu ya uzazi, ambayo ilikuwa imeshafifia, ilirudi nyekundu na nzito, na mtoto akawa analia titi likiwa mdomoni. Mkunga hakunigombeza, aliniuliza tu jana yake nilikula nini, nikakosa jibu.

Haraka ile haikuwa na maana yoyote. Mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki 6 kurudi katika ukubwa wake, kwa hiyo tumbo la wiki ya tatu si mafuta matupu. Tena mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto chakula kingine huweza kuhitaji hadi kalori 500 zaidi kwa siku ili kutengeneza maziwa, na njaa anayoisikia ni ya haki, si ulafi. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunamtosha, na ni vyema aanze baada ya kupimwa katika wiki ya sita. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri mpaka daktari amruhusu.

Kilichokuwa kikininenepesha hasa nilikigundua baadaye, nilipokuwa nimesharudi kazini. Ilikuwa saa nane usiku, nimesimama jikoni gizani, mtoto begani, mkono mmoja umo ndani ya pakiti ya biskuti. Nilipowasha taa pakiti ilikuwa tupu, nami sikukumbuka ladha ya biskuti hata moja. Kuanzia siku iliyofuata niliandika kwenye daftari kila nilichokula, na kama nilikula nimekaa au nimesimama. Jumatano ya wiki hiyo nilikula mara 9 nikiwa nimesimama na mara 1 nikiwa nimekaa: mabaki ya sahani ya mtoto mkubwa, vijiko vya kuonja, chai yenye sukari niliyoimalizia nikitafuta viatu.

Tangu hapo nilijiwekea sharti moja, kwamba chochote ninachokula kiwe kwenye sahani, nami niwe nimekaa. Biskuti sikuzikataza, kwani najijua; niliziweka kabati la juu, na penye mkono wa usiku nikaweka mayai ya kuchemsha na matunda yaliyokwisha kumenywa. Lakini lililosaidia kuliko yote ni usingizi. Mtu asiyelala vya kutosha, homoni ya njaa humpanda na ile ya shibe humshuka, naye hutamani vitu vitamu bila kujua sababu. Nilikubaliana na mume wangu kwamba nilale saa tatu usiku, naye ampokee mtoto mpaka saa saba kwa maziwa niliyokamua. Katika wiki mbili hamu ya sukari ilipungua bila mimi kupambana nayo.

Kuhusu mazoezi, nililipia jimu miezi mitatu nikaenda mara mbili. Fedha zile ningemlipa mtu anifulie nguo, nikapata saa kadhaa za kulala. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, nazo huweza kukusanywa kidogo kidogo, kwa kutembea haraka dakika kumi kumi. Kabla ya kurudia mazoezi ya tumbo, lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo na uguse mstari wa katikati juu na chini ya kitovu. Vidole zaidi ya viwili vikizama katikati ya misuli, usikunje tumbo kwanza, bali muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Misuli ya chini ya nyonga niliifanyia kazi nikiwa kwenye foleni: naikaza kama mtu anayezuia mkojo, nahesabu mpaka tano, naachia, mara kumi. Hakuna aliyejua.

Uzito ukigoma kabisa, au ukiongezeka pamoja na uchovu usioelezeka na kusikia baridi, omba upimwe tezi ya shingo, kwa maana huweza kuvurugika ndani ya mwaka wa kwanza baada ya uzazi, na hapo daftari halitasaidia.

Mtoto alipofikisha miezi kumi nilikuwa nimebakiwa na kilo 3, na kwa miezi kadhaa iliyofuata hazikusogea. Sketi mbili nilizipeleka kwa fundi azipanue kiunoni.