Naenda Poland kufundisha maigizo, darasa likininyamazia nafanyaje?

SWALI: Shikamoo mama. Mi nafundisha sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo, nimepata nafasi ya kwenda kufundisha muhula mmoja Wrocław, Poland, naanza mwezi wa kumi. Kipolandi sijui hata neno, darasani tutatumia Kiingereza. Shida yangu ni hii, mi nafundisha kwa ngoma na kuitikiana na nasikia wale watu wakimya sana, sasa wakininyamazia je? Na chakula, na baridi? Niambie ukweli mama.
Mwalimu, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mi nilikaa hapohapo Wrocław miaka miwili nafundisha uigizaji kwa hiyo nakwambia niliyoyaona.

Watakunyamazia kweli, tena wiki za mwanzo. Siku ya kwanza niliingia na moto wangu wote nikaita "Paukwa!", nikawafundisha waitikie "Pakawa", yani wakaitikia kama wanasoma tangazo la msiba, mmoja akawa anaandika kwenye daftari. Nilirudi nyumbani nikalia. Wiki ya tatu tupo mazoezini binti mmoja akaangusha skripti yake chini, wote wakasimama, na kabla hajaiokota akaikanyaga kwanza kwa mguu! Nilishtuka jamani, mi nimelelewa kwamba maandishi hayakanyagwi. Nikauliza kulikoni, basi hapo ndo wakafunguka, wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kumbe waigizaji wa kule skripti ikidondoka lazima uikanyage ndo uiokote la sivyo onyesho litaenda vibaya, na jukwaani hakuna kupiga mluzi. Wakaniambia na kitu kingine, "kawa" kwao ni kahawa na "pa" ni kwaheri, kwa hiyo siku ile nilikuwa nawaagiza waage kahawa. Tulicheka mpaka machozi, na toka siku hiyo nikiita Paukwa jengo zima linasikia. Kile kimya hakikuwa dharau mwanangu, walikuwa wananisikiliza, we waulize mambo yao kabla hujawamwagia yako.

Heshima yao imo kwenye lugha. Mtu usiyemjua humwambii "wewe", unamwita Pan kama ni mwanaume, Pani kama ni mwanamke, na unaongea naye kama vile unamsema mtu wa tatu, "je Pani atataka mfuko?" Kwa sisi wa shikamoo hiyo haisumbui hata kidogo. Ukiingia kaduka kadogo au kwenye lifti sema "dzień dobry", yani salamu yao ya mchana, usiposema utaonekana huna adabu.

Chakula usihofu, tafuta bar mleczny, ni migahawa ya bei nafuu, unakula pierogi (kama sambusa ila za kuchemsha, ndani viazi na jibini) na supu yao chachu ya żurek ambayo mi niliizoea polepole. Unga wa mahindi upo ila wa njano, ugali wake haushiki kama wetu, na pilipili beba yako. Halafu Jumapili nyingi maduka makubwa yanafungwa kwa sheria iliyoanza 2018, fanya shopping Jumamosi. Baridi utanunua koti hukohuko, kinachochosha zaidi ni giza, Disemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na hapo bado una kipindi kingine mbele. Na ukienda kuangalia mchezo, koti unaliacha szatnia, chumba cha kutunzia makoti mlangoni, huingii nalo ukumbini.

Usikose kwenda Rynek, uwanja mkuu wa mji, katikati ya uwanja ule kuna ukumbi aliofanyia kazi Jerzy Grotowski, mwongozaji wao maarufu wa maigizo, baada ya kuhamia na kundi lake kutoka Opole mwaka 1965. Ni kachumba tu. Aliondoa mapambo, mekapu na taa za mbwembwe akabaki na mwigizaji na watazamaji wachache, nilisimama pale nikamkumbuka bibi yangu anavyotusimulia kwenye mkeka usiku, na nikalipeleka hilo darasani kesho yake. We pia lipeleke, wanafunzi wale wanamjua Grotowski, bibi yako hawamjui.

Ukiwa na kiu ya Kiswahili panda treni uende Warsaw, chuo kikuu cha pale kinafundisha lugha yetu. Na ukialikwa nyumbani kwa mtu, viatu unavua mlangoni kama kwetu, peleka maua lakini uyahesabu, yawe matatu au matano, manne au sita ni ya msibani.