Je, 4294967297 ni namba tasa?

Ndugu, umesema umeigawa 4294967297 kwa namba tasa zote hadi 100, kila mara ikabaki baki, ukakata shauri kwamba nayo ni tasa. Usijilaumu, mwanahisabati Fermat mwenyewe aliteleza hapohapo. Kipeuo cha pili cha namba hii ni kama 65536, na vigawo hujaribiwa hadi hapo, kwa hiyo kuishia 100 ni kama kupekua chumba kwa kuangalia mlangoni tu.

Lakini usizijaribu zote. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Hapo zinabaki chache, za kwanza zikiwa 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano inakubali! 641 mara 6700417. Aliipata mwaka 1732, bila kikokotoo.

Mimi hunifurahisha zaidi hili: ni 65536² + 1², na pia ni 62264² + 20449². Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa njia mbili. Chukua kalamu uhakikishe, simu nyingine hukata tarakimu za mwisho.