Kijana amechafukwa usiku Nyalenda: umpigie nani, na umwambie nini

Swali ni hili: kijana wa miaka 24, mtaa wa Nyalenda mjini Kisumu, amevunja vyombo na anapiga kelele usiku. Aitiwe polisi au ambulensi? Akishika panga, ita wote. Asipokuwa na silaha, anza na 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikati salio. 999 na 112 zinaingia polisi.

Kinachoharibu mambo ni maneno ya kwanza kwenye simu. Ukisema "kuna mwendawazimu anataka kuua watu," askari watakuja wamejiandaa kupigana. Sema unachokiona: "Ni mgonjwa, hajalala siku tatu, yuko chumbani peke yake, hana kisu, mwili unachemka." Taja steji au kanisa la karibu, na mtu asimame barabarani na tochi.

Hiyo homa, tafadhali, msiipuuze. Huku ziwani malaria ni ya mwaka mzima, na ikipanda kichwani mtu huweweseka kama aliyerukwa na akili. Sukari ikishuka, vivyo hivyo. Ombeni apimwe vyote viwili, sukari ikitangulia kwa kuwa ni tone la damu kidoleni tu. Mnywaji wa chang'aa aliyeacha ghafla huweza kuanza kuona vitu siku ya pili au ya tatu, basi semeni alikunywa lini mara ya mwisho.

Kumshika ndiko kunakoua. Ikilazimu, wawe watano: mmoja kila mkono, mmoja kila mguu, wa tano kichwani akimwita kwa jina na kutazama anavyopumua. Asilazwe kifudifudi, asikaliwe mgongoni. Aliyepigana nusu saa anatweta. Ukimkandamiza, mbavu hazipanuki, na akinyamaza watu husema ametulia. Mlazeni ubavu. Kamba hukata damu viganjani. Leso iliyokunjwa pana ni afadhali, kidole kipite chini yake.

Polisi wakimchukua, Sheria ya Afya ya Akili inawataka wamfikishe hospitalini ndani ya saa 24. Jamaa mmoja aandamane nao hadi kituoni, achukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na asiondoke mpaka gari lielekee Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, au hospitali nyingine.

Kama alijaribu kujiua, msifiche kwa kuogopa kesi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya hilo kuwa kosa kinakiuka Katiba. Akiwa amekunywa dawa ya kupulizia mimea, msimtapishe wala kumpa maziwa. Bebeni chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, daktari asome lebo.